Kaunta ya milioni mbili, kibao cha buku tano

Mwaka huu nimekaribishwa nyumba mpya tatu hapa Dar, na zote tatu nilipitishwa jikoni kabla sijakaa. Nionyeshwe kaunta. Jiwe jeusi, linang'aa mpaka unaweza kupakia wanja ukijitazama humo. Nasifia, kwa nini nisisifie, watu wamejenga kwa miaka saba. Halafu mwenyeji anaanza kupika, anachomoa nyuma ya sinki kibao cha plastiki kilichopindika kama ganda la ndizi, michirizi ya kisu imejaa weusi, anakiweka juu ya lile jiwe, na kibao kinaanza kucheza. Kitunguu huku, kisu kule.

Hesabu tumeipindua. Kaunta inatazamwa, kibao ndicho kinachofanya kazi. Ukiwa na hela ya kutosha kimoja tu, anza na kibao.

Sitaki kumlaumu mtu, maana hakuna aliyetufundisha. Mama yangu mpaka leo hana kibao. Anakaa kwenye kigoda, kitunguu kiganjani, anakichanja huku na huku, kisha kisu kinakipitia kuelekea dole gumba na vipande vinadondokea moja kwa moja kwenye mafuta. Mchicha anausokota fungu zima mkononi na kuukata mwembamba kama uzi. Jiko letu lilikuwa la kukaa: mbuzi ya nazi unaikalia, kinu unakibana miguuni. Kaunta ilikuja pamoja na kupika kwa kusimama, na sisi tukaichukua kama pambo.

Mimi mwenyewe niliingia mkenge. Nilipofika hatua ya jikoni niliuziwa jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu, fundi akaniapia, "Dada, hii granaiti ya kutoka nje, utaiachia wajukuu." Wiki ya pili nikaacha nusu ya ndimu imelala kifudifudi usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na duara lililopauka, nikasugua na sabuni, nikasugua na majivu, wapi. Halikuwa doa la kutoka. Asidi ilikuwa imelila jiwe, kwa sababu lilikuwa marumaru, na marumaru ni jamaa wa chokaa. Ndimu, siki, ukwaju, nyanya, yaani nusu ya mapishi ya pwani, vyote ni maadui zake. Granaiti ya kweli haijali ndimu.

Lugha nayo inachangia. Madukani kwetu "marumaru" siku hizi ni vigae vya sakafuni, vile vinavyotoka viwanda vya Mkuranga na Chalinze, kwa hiyo ukiuliza kama jiwe ni marumaru muuzaji anakucheka. Usiulize. Omba kipande cha masalia, nenda nacho nyumbani, kidondoshee ndimu, lala. Asubuhi kitakwambia chenyewe.

Kama mfuko haufiki kwenye granaiti, vigae si aibu. Tatizo la vigae si vigae, ni viungo vyake. Ile simenti nyeupe katikati inakunywa mchuzi, na baada ya Ramadhani moja ni ya kahawia. Chukua vigae vikubwa, vya sentimita 60 kwa 60, uwe na viungo vichache. Terazo nayo, yaani simenti iliyochanganywa na vipande vya mawe, naipenda, inamwagwa hapohapo na kusagwa, haina viungo kabisa, ila ina simenti ndani yake, kwa hiyo ndimu ifutwe mapema. Mawe ya kutengenezwa kiwandani kwa unga wa kwatzi (quartz) na gundi ni magumu na mazuri, sikatai, lakini Australia iliyapiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024, kwa sababu vumbi lake linaharibu mapafu ya mafundi wanaoyakata. Hata granaiti ina vumbi la namna hiyo. Ukimwona fundi wako anapitisha gurainda kwenye jiwe kavu, amejifunga kipande cha khanga puani, mpelekee ndoo ya maji aloweshe jiwe na umnunulie barakoa ya maana.

Kitu ambacho karibu kila mtu anakisahau ni kimo. Fundi atakujengea sentimita 90 kwa sababu ndivyo alivyomjengea wa jana. Simama, kunja kiwiko, pima kutoka kiwikoni kushuka sentimita 10 hadi 15: hapo ndipo mkono wa kukata unapotaka kufikia. Na usisahau kwamba kibao nacho kina unene wake. Mimi ni mfupi, kaunta yangu ina 84, na mgongo wangu unashukuru kila siku ya pilau.

Sasa kibao chenyewe. Cha kioo sitaki hata kukisikia. Kinakuulia kisu kwa wiki moja na kelele yake inaamsha watoto. Cha plastiki kina sifa ya usafi, na kikiwa kipya kweli kinasafika vizuri. Lakini Dean Cliver, mtaalamu wa vijidudu vya chakula, na wenzake huko Marekani walianza utafiti wao wakitafuta namna ya kusafisha vibao vya mbao ili angalau vikaribie plastiki, na walichochapisha mwaka 1994 kilikuwa kinyume: kwenye mbao vijidudu vilizama chini ya uso, havikuzaliana, vikafa taratibu, ila kwenye plastiki iliyochanjwachanjwa na kisu, hasa ikiwa na mafuta ya kuku, kuosha kwa mkono hakukutosha. Kile cha buku tano nyuma ya sinki ndicho hicho.

Hapo pia mbao isikupe kiburi. Kuku na samaki wawe na kibao chao. Mimi nimewapa cha plastiki, naosha kwa sabuni, nasuuza, kisha namwagia maji yenye jiki, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4, na kikianza kuota michirizi kinakwenda jalalani bila kuagwa. Mboga, matunda na mkate ni kwa cha mbao.

Changu nilichongewa Keko, kwa masalia ya mninga ya kitanda cha mtu, shilingi 25,000. Sentimita 45 kwa 30, unene wa 4. Seremala alitaka kukipiga vanishi, ilibidi nimshike mkono. Msaji nao unafaa, hauogopi maji, ila una mchanga ndani yake unaomaliza makali ya kisu. Paina usikubali, laini mno. Nakipaka mafuta ya nazi kila mwisho wa mwezi. Ya alizeti nilijaribu, yakaganda na kunata kama gundi. Hakilowekwi, kinaoshwa na kuegeshwa wima kikauke pande zote. Chini yake natandika kitambaa kibichi, na hapo hata ukikata nguru aliyeganda hakisogei.

Nilijivuna nacho sana, mpaka mama alipokuja Desemba. Alikibeba, akakipima uzito, akapitisha kidole ukingoni, akasema, "Seremala huyu anajua kazi." Kisha akaenda kufunikia ndoo ya maji, akavuta kigoda, akaomba kisu kidogo na kitunguu.