Kihisi kwenye titani: gundi au kuchomelea?

Hapa Mtwara, tangu bomba la gesi lilipofika Dar es Salaam mwaka 2015, kuchomelea ndiyo heshima ya fundi. Kwa hiyo sikushangaa vijana wa karakana moja ya Shangani, tulipozungumzia vihisi vinavyobandikwa kwenye vipande vya ndege vya titani, metali nyepesi na imara, ili kupima jinsi vinavyovutika, waliposema kwa sauti moja: chomelea, kalale.

Wana hoja. Kihisi hicho ni uzi mwembamba wa metali juu ya kijikaratasi. Kipande kikivutika, uzi nao huvutika na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Kihisi kikilegea kidogo tu, kipimo ni uongo. Na gundi hulegea. Unyevu wa pwani kama yetu ukipenya chini yake, namba huanza kutangatanga. Hata epoksi ya kuokwa, yaani gundi inayokomazwa kwa joto, huanza kushindwa joto likizidi nyuzi mia mbili na kitu, ilhali ndani ya injini titani hufanya kazi kwenye nyuzi 500.

Lakini titani si chuma cha bomba. Ikipata joto kali hewani hunyonya oksijeni na nitrojeni, na pale iliponyonya huwa ngumu na kuvunjika kama kigae. Doa la kuchomelea, hata la ukubwa wa punje ya mtama, laweza kuwa chanzo cha ufa, na kipande cha ndege huvutwa na kuachiwa mara nyingi mno. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya DC-10 ilianguka Sioux City, Marekani, wakafa zaidi ya watu 110. Diski ya titani ya injini yake ilikuwa na doa gumu lililobaki tangu metali ilipoyeyushwa. Ufa ukakua humo miaka mingi. Kihisi hakikuhusika, ila doa ni doa.

Mwenye minazi Mikindani atanielewa. Shina ulilolikata vidato vya kupandia halifuniki kidonda, maisha.

Kwa kipande kitakachorudi angani, mimi nasimama na gundi. Ninachohofia ni maandalizi ya haraka: msasa mkali unaoacha mikwaruzo inayokata njia ya mvuto, au kusafishia kimiminika chenye klorini, kinachoweza kuipasua titani iliyokazwa ikipata joto. Asetoni safi na msasa laini vinatosha, kisha usipaguse tena kwa kidole. Kuchomelea nakuachia vipande vya majaribio ya ardhini, vinavyotupwa vikishapimwa.