Verdicchio isiyopita kwenye pipa, na kwa nini siiachii samaki peke yake

Niseme mapema tusije kusumbuana mbele: waini nyeupe zilizolazwa kwenye mapipa ya mwaloni mpaka zinanukia vanila na siagi huwa zinanichosha. Glasi ya kwanza unasema aisee, ya pili unaanza kutafuta maji, na chakula kikifika mezani ndo kabisa, inaongea waini tu, chakula kinakaa kimya. Ndo maana leo naitetea Verdicchio, waini nyeupe ya Italia, tena ile ya kawaida ya tangi la stenlesi au la saruji, maana naona watu wanaidharau kwa sababu mbili za ovyo, kwanza eti haijapita kwenye pipa kwa hiyo ni ya bei chee, pili eti ni waini ya samaki, basi, imeisha hiyo.

Verdicchio ni zabibu ya mkoa wa Marche, Italia ya kati upande wa bahari ya Adriatiki. Kuna sehemu mbili za kuzijua. Castelli di Jesi ni vilima vinavyouzunguka mji wa Jesi kwenye bonde la mto Esino, sio mbali na bahari, na ilipata DOC yake, yani jina linalolindwa kisheria, mwaka 1968. Matelica iliitangulia kwa mwaka mmoja, 1967, ni ndogo zaidi na iko ndani kule milimani, na bonde lake lina tabia yake, mabonde mengi ya Marche yanateremka kuelekea baharini ila hili limelala kaskazini kwenda kusini, limebanwa na milima, kwa hiyo hewa ya bahari hailifikii vizuri, usiku ni baridi, zabibu zinaiva polepole na uchachu wake haupotei. Nikiwa na hela ya chupa moja tu nachukua Matelica. Watu wa Jesi mtanisamehe.

Ladha sasa. Limau, tufaha la kijani, kitu kama majani mabichi kwa mbali, uchachu wa kutosha, alafu ukishameza kinabaki kauchungu kadogo ka lozi. Wengine hako kauchungu kanawakera, hasa tuliokulia kwenye waini nyekundu tamu tamu, lakini kwangu hako ndo sababu ya kununua chupa. Na pipa jipya la mwaloni kitu cha kwanza linachofanya ni kukafunika, linaleta vanila, linaleta harufu ya mbao, linaongeza na ukakasi wake, mwisho unabaki na waini nyeupe ambayo ingeweza kuwa imetoka popote duniani. Stenlesi haiongezi ladha yoyote, na mtengenezaji anaweza kushusha joto wakati juisi inachacha ili harufu za zabibu zisikimbie. Wanaojua kazi wanaiacha waini ikae na machicha ya hamira miezi kadhaa, hapo inapata uzito mdomoni bila kugusa ubao hata mmoja. Na hii habari ya kwamba bila pipa haikai muda mrefu sijui nani aliianzisha. Kuna Verdicchio Riserva, yenye daraja la juu la DOCG, ambayo lazima itunzwe miezi 18 kabla ya kuuzwa, na zipo ambazo muda wote huo ziko kwenye saruji au stenlesi, kisha kwenye chupa, na zikitunzwa vizuri zinafika miaka kumi zikiwa bado zina nguvu.

Sehemu ya dharau nadhani ililetwa na chupa. Mwaka 1953 kampuni ya Fazi Battaglia ilitoa chupa ya kijani yenye kiuno, umbo la mitungi ya kale, iliyobuniwa na msanifu Antonio Maiocchi. Ilivuma mpaka nje ya Italia, watu wakaijua chupa kuliko waini, na ikageuka kitu cha watalii wa kwenye migahawa ya ufukweni. Mi chupa yenyewe naipenda kwa kweli, ila inakera kuiweka kwenye friji.

Tuje kwenye chakula, hapa ndo nina maneno. Ancona, bandari ya Marche, wana mchuzi wa samaki unaitwa brodetto, kwa mila unatakiwa uwe na aina 13 za samaki na viumbe wa baharini, na ndani yake kuna nyanya na siki. Siki hiyo ndo mtego. Waini nyeupe laini ya mwaloni ukiiweka karibu na siki inapooza kabisa, lakini Verdicchio ina uchachu wake, inasimama. Hapo hapo Ancona kuna stoccafisso, samaki mkavu anayetoka Norway, analowekwa, anapikwa taratibu na viazi, nyanya na mafuta ya zeituni mengi mno, na Verdicchio yenyewe inamwagwa kwenye sufuria. Chakula kizito kile, mafuta yanaelea, na glasi baridi inakusafisha mdomo ukarudi tena kwenye sahani. Halafu kuna moscioli, kome wa mwituni wa Portonovo, hao hata usipike sana.

Lakini nendeni nyama pia jamani! Sungura wa Marche anajazwa shamari ya porini na vitunguu saumu, wanaita coniglio in porchetta, na ile harufu ya shamari na kauchungu ka lozi vinaelewana kuliko samaki yeyote niliyewahi kumla na waini hii. Zeituni za Ascoli, zinatolewa kokwa, zinajazwa nyama, zinaviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa, ni hatari, sahani inaisha hujajua. Kitimoto cha kuchoma chenye mafuta yake, ndimu na chumvi, nacho kinaingia vizuri sana, na ambao kitimoto hamli ila waini mnakunywa (mpo, nawajua), kuku wa kukaanga anatosha.

Kwa vya kwetu, pweza wa kuchoma na ndimu, ndiyo, bila mjadala. Samaki wa kupaka mi nasita, tui zito likikutana na hako kauchungu naona havipatani, ila nina marafiki wanabisha. Nyama ya ng'ombe iliyoungua ungua achana nayo, na keki ndo usijaribu, sukari inaifanya waini ionekane maji ya limau.

Usiigandishe tu. Ikitoka friji ya duka moja kwa moja husikii kitu zaidi ya baridi, iache mezani kidogo ifike kama nyuzi 10 hadi 12, Riserva hata zaidi kidogo. Na ukikuta ina kifuniko cha kuzungusha badala ya kizibo usiirudishe dukani, kwa waini ya namna hii mi naona ni afadhali.