Kuanzia Chuo cha Jamii California: Krediti Kupokelewa Si Krediti Kuhesabiwa

Ukitazama ada peke yake, mjadala wa kama inafaa kuanzia chuo cha jamii kisha kuhamia chuo kikuu unaisha mapema. Mkazi wa California hulipa dola 46 kwa uniti (kipimo cha uzito wa kozi) katika chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili. Uniti 60, ambazo ni nusu ya safari ya shahada ya kwanza, zinamtoka dola 2,760. Ada ya mwaka mmoja tu katika Chuo Kikuu cha California (UC) inazidi dola 13,000, bila chumba wala chakula. Chuo cha jamii hakina mtihani wa kuingilia, na shahada ikishatoka haisemi mwenye nayo alianzia wapi.

Wanaopinga nao wana takwimu yao. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria kuwa wanafunzi wanaohama vyuo hupoteza asilimia 43 ya krediti zao, yaani uniti walizokwisha kupata. Namba hiyo inajumlisha kila aina ya uhamaji, pamoja na wa kutoka vyuo binafsi vya kibiashara ambako hasara ni kubwa mno. Anayetoka chuo cha umma cha miaka miwili kwenda chuo kikuu cha umma hupoteza kidogo kuliko hapo. Lakini kuna hasara nyingine isiyoonekana kirahisi, na kwa maoni yetu ndiyo inayoamua kama njia hii ni nafuu au la: krediti iliyopokelewa lakini haisogezi shahada.

Chuo kikuu huitazama kozi yako kwa ngazi tatu. Kwanza, inahamishika kabisa? Pili, inatimiza sharti la masomo ya jumla? Tatu, inachukua nafasi ya kozi ya msingi ya fani yako? Mtu anaweza kufika na uniti 60 zilizopita ngazi ya kwanza, akaambiwa arudie kozi nne kwa sababu hazikupita ya tatu. Kalkulasi ya wanafunzi wa biashara haimfai mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta. Fizikia inayofundishwa kwa aljebra haimfai mhandisi, hata kama amepata A. Kwenye transkripti (rekodi rasmi ya kozi na alama) zote zinaonekana zimekubaliwa, ila zimewekwa kapu la kozi za hiari.

Jibu la ngazi ya tatu lipo wazi kwenye tovuti ya ASSIST, inayoonyesha kozi ipi ya chuo kipi inalingana na ipi ya UC au ya vyuo vikuu vya jimbo, CSU. Unachagua mwaka, chuo unachosoma, chuo unachokwenda, kisha fani. Ukikuta kozi ya chuo kikuu haina mwenzake katika chuo chako, itabidi uisome kwingine au baada ya kuhama. Angalia pia kozi zinazokwenda kwa mfululizo: anayesoma kemia ya kwanza chuo kimoja na ya pili chuo kingine anaweza kukuta mfululizo haukubaliki hadi aukamilishe mahali pamoja.

Hisabati ndiyo inayorefusha miaka miwili ikawa mitatu. Anayelenga uhandisi anahitaji kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya vigeu vingi, kisha aljebra ya mstari na milinganyo tofautishi, na fizikia inangojea kalkulasi. Akianzia hesabu za chini ya kalkulasi, ameongeza muhula mmoja au miwili kabla safari haijaanza. Chuo kidogo kikifundisha fizikia ya tatu mara moja kwa mwaka, kukosa nafasi muhula huo ni kusubiri mwaka mzima. Mwanafunzi wa sosholojia au historia hana mnyororo huo, ndiyo maana njia hii humnyookea zaidi.

Dhamana zipo, ila zisomwe hadi mstari wa mwisho. Mpango wa TAG unakuhakikishia nafasi katika kampasi moja kati ya sita za UC: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo, na baadhi ya fani zinazogombaniwa hazimo hata katika zile sita. Maombi ya TAG ni Septemba, ya kujiunga yanafuata Oktoba na Novemba, na Januari kuna fomu ya kusasisha alama na kozi ambayo wengi huisahau wakidhani kazi imekwisha. Kwa upande wa CSU, stashahada maalumu ya uhamisho inakuhakikishia nafasi katika mfumo na kumaliza kwa uniti 60 zaidi. Haikuhakikishii kampasi unayoitaka.

Nafuu yenyewe haiwi sawa kwa kila mtu. UC ina mpango unaofuta ada ya msingi kwa wakazi wa California wenye stahili ambao familia zao zina kipato cha chini ya kikomo kilichowekwa. Kijana wa familia hiyo aliyekwisha kukubaliwa UC moja kwa moja atabanwa zaidi na kodi ya nyumba kuliko ada, na kodi ataikuta hata akianzia chuo cha jamii, labda awe anaishi kwa wazazi. Tena ruzuku ya serikali kuu ya Pell ina kikomo cha mihula 12 maishani: kila muhula wa kuzungukazunguka chuo cha jamii unaila.

Mwenye viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, halipi dola 46. Yeye hulipa mamia kadhaa ya dola kwa uniti, lakini bado ni sehemu ndogo ya gharama ya UC, ambayo humtoza asiye mkazi zaidi ya dola 30,000 juu ya ada ya msingi. Kwa hiyo yeye ndiye anayeokoa zaidi, na ndiye anayebanwa zaidi. Lazima awe na uniti 12 kila muhula, na kozi moja tu ya mtandaoni ndiyo inayoingia katika hesabu hiyo. UC inamtaka GPA (wastani wa alama) ya 2.8 badala ya 2.4 ya mkazi. Wakati wa kuhama, rekodi yake ya uhamiaji lazima iachiliwe na chuo cha zamani ndipo kipya kitoe fomu mpya ya I-20, inayothibitisha kuwa ni mwanafunzi wake. Kununua tiketi ya kwenda Nairobi au Dar kabla hilo halijakaa sawa ni kujitafutia balaa.

Baada ya kuhama huja mshtuko ambao vipeperushi haviutaji. Kampasi nyingi za UC zinasoma kwa vipindi vya wiki kumi, viitwavyo robo, si mihula ya wiki kumi na sita. Mtihani wa kwanza unaweza kukukuta wiki ya tatu au ya nne. GPA ya chuo cha jamii haiji nawe, kwa hiyo robo moja mbaya inaonekana peke yake kwenye ukurasa mtupu. Na kampuni kubwa za teknolojia na fedha huanza kupokea maombi ya mafunzo ya kazini ya kiangazi kati ya Agosti na Oktoba, wakati mgeni bado anatafuta jengo la maabara. Aliyeingia mwaka wa kwanza amekuwa na miaka miwili ya kujuana na maprofesa. Aliyehamia ana wiki chache.

Uuguzi ni habari nyingine kabisa. Stashahada ya chuo cha jamii inatosha kufanyia mtihani wa leseni ya muuguzi aliyesajiliwa, na shahada inaweza kumaliziwa baadaye huku mtu akiwa kazini. Ila anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia hutangulia, foleni ni ndefu, na baadhi ya vyuo hukataa kozi za sayansi zilizopita miaka mitano au saba.

Tunachoshauri kwa kila fani ni kuhifadhi silabasi ya kila kozi, pamoja na orodha ya mada na jina la kitabu. Kozi ya fani ikikataliwa, rufaa hupelekwa idara inayofundisha somo hilo, si ofisi ya udahili, na jina la kozi kwenye transkripti halimtoshi profesa anayepaswa kuamua kama ulisoma yale anayofundisha yeye.