Bakteria si uchafu

Assalam alaykum. Makala niliyosoma inasema watafiti wanaotafuta mafuta kwenye mwani mdogo, ule usioonekana kwa macho, sasa wanaukuza pamoja na bakteria. Msomaji mmoja wa makala hiyo kasema kuchanganya na bakteria ni uchafu. Sio, ndugu yangu. Chlorella, aina mojawapo ya mwani huo mdogo, imeshajaribiwa pamoja na Azospirillum brasilense, bakteria wa mizizi ya nafaka, ikakua vizuri zaidi na mafuta yakaongezeka. Wanapeana tu: mwani unatoa oksijeni na sukari, bakteria wanarudisha kaboni dayoksaidi na homoni ya kukuza. Aina nyingi za mwani hupata kwao hata vitamini B12, ambayo haziwezi kujitengenezea. Na kukua vizuri huku mafuta yakiongezeka ni jambo kubwa, maana ukiunyima mwani naitrojeni unajaza mafuta kweli, lakini unadumaa.

Mimi mtoto wa Paje, Zanzibar, mama yangu mkulima wa mwani wa kamba, ule mkubwa unaofungwa kwenye kamba baharini, kilimo kilichoanza kwetu mwaka 1989. Najua wapo bakteria waharibifu. Maji yakipata moto sana, kotonii, aina ya mwani huo wa kamba, inadhoofika, wanaivamia. Nimeishika mwenyewe wakati wa bamvua, nyeupe kama mfupa, ikakatikia mkononi hata kabla sijafungua taitai, vile vikamba vya kuufungia mwani. Mama akakaa kimya, akaanza kukunja kamba.

Kwa hiyo swali ni bakteria gani, na mwani gani. Nawaomba wataalamu wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na wa Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Buyu wachukue maji ya Ghuba ya Chwaka, watutazamie nani anaishi na nani humo.