Kompyuta au helikopta?

Bandugu, nimechoka. Nimetoa dola 900 nipate laptopu ya kufanyia montaji, yaani kukata na kuunga video, nikaletewa helikopta. Nagusa video ya dakika tatu tu, feni zinaanza: vuuuuuu! Juzi mama akaita kutoka jikoni, "Papa, ndege inashuka wapi?" Hapana mama, ni harusi ya watu naikatakata hapa.

Na joto lake! Volkano ya Nyiragongo tunayo mlimani hapa Goma tayari, ya pili kwenye mapaja ya nini? Pale juu ya herufi W na E kidole hakikai. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Sasa ile nguvu niliyolipia iko wapi? Niliinunua niitazame?

Fundi mmoja wa mtaa wa Birere aliifungua. Vumbi jeusi la lava limejibana kwenye matundu ya kupoozea, nene kama blanketi. Akalitoa kwa brashi ya meno, akapaka pasta mpya ya kuondoa joto juu ya prosesa. Kimya. Wiki mbili za amani, kisha vuuuuuu.

Nikamwambia basi niongezee ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, giga 8 hazinitoshi. Akacheka. Ramu imelehemewa kwenye bodi. Imelehemewa! Redio ya babu ilifunguka kwa bisibisi na kisu cha jikoni, hii ya 900 haitaki kuguswa? Diski tu ya kuhifadhia mafaili ndiyo inabadilika, aksanti kwa huruma.

Kwa sasa nimeiinua kwa vifuniko vinne vya chupa ipumue chini. Nyinyi mmeweka nini chini ya zenu?