Mlezi Si Mgeni Rasmi

Jumamosi iliyopita nilikaa juani zaidi ya saa tatu nikimsubiri mlezi. Mtaani kwetu kulikuwa na bonanza la watoto wenye ulemavu: mbio za viti mwendo, kurusha tufe, kuvuta kamba. Watoto walikuwa wameshavaa jezi tangu saa mbili asubuhi. Mlezi alishuka kwenye gari saa sita kasoro, akakabidhi hundi ya boksi kubwa kama mlango, akamshika mtoto mmoja bega, akapigwa picha na kuondoka kabla ya mbio za kwanza. Simtaji. Hundi tunayo, tumeiegemeza ukutani. Ya mwaka juzi nayo ipo hapohapo, na fedha zake bado ziko njiani.

Usiku huo, nimenuna, usingizi hauji, nikajikuta nasoma habari za Anne, dada yake Mfalme Charles. Mama mdogo aliponikuta nayo asubuhi akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, kweli umekosa watu wa kuwasoma?" Acheni acheke.

Mwaka 1970, hajafikisha hata miaka 21, Anne alipewa urais wa Save the Children ya Uingereza, shirika la kusaidia watoto. Cheo cha heshima, wa kwetu angekishika msimu mmoja akasubiri kingine. Yeye alikikalia mpaka mwishoni mwa 2016. Mwaka 1971 alikuja Kenya kwa kazi hiyohiyo, na kwa miongo iliyofuata aliendelea kurudi Afrika hata pale kamera zilipokuwa zimeshahamia kwa wengine wenye sura za kupendeza zaidi. Maana huyu mama, tuseme ukweli, hana tabasamu la bure. Hajui kubeba mtoto mbele ya kamera. Waandishi wa kwao walimchukia kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Kisha Kenneth Kaunda, rais wa Zambia, akampendekeza kwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1990. Hakuipata. Nami simlilii. Ila mzee Kaunda hakuwa mtu wa kubabaishwa na kofia za Wazungu, kwa hiyo lipo alilokuwa ameliona.

Mimi nadhani alichokiona ni malori.

Ndiyo, malori. Kila aliyewahi kushughulika na msaada anajua kwamba unga haukwami Ulaya. Unafika bandarini vizuri kabisa, kisha unakwama kilomita za mwisho kwa sababu gari halina fani belti, tairi limekwisha, dereva hajalipwa, na gari jipya lililoletwa na mfadhili limewekwa kwenye matofali kwa kukosa kipuri cha bei ya kilo tatu za nyama. Nani anapiga picha na fani belti? Hakuna. Anne akashirikiana na Save the Children na wataalamu wa usafirishaji wa Uingereza, wakaanzisha Transaid, shirika ambalo kazi yake ni hayo mambo yasiyo na mvuto: kutunza magari na kufundisha madereva. Hapa Dar limefanya kazi na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kuwanoa madereva wa malori na mabasi. Zambia limepeleka baiskeli za kubebea wagonjwa, zenye machela nyuma, ili mama mjamzito wa kijijini asifie njiani akiisubiri ambulansi ambayo haikuwahi kuwapo. Niambieni ni mgeni rasmi gani wa kwetu angekubali jina lake liandikwe kwenye baiskeli. Angetaka jengo, lenye jiwe la msingi na pazia la kuvuta.

Na akili hiyo ya vipuri, mimi nasema, kaitoa kwenye michezo. Mchezo wake ni ule wa farasi wa siku kadhaa: kwanza farasi anapimwa utulivu na hatua zake, kisha anakimbizwa maporini akiruka magogo, mitaro na maji, mwisho viunzi uwanjani. Najua, ni mchezo wa matajiri. Shamba lake la Gatcombe Park alinunuliwa na mama yake, si kwa mkopo wa SACCOS. Nimekubali, tusonge. Lakini farasi hajui cheo. Ukimwelekeza vibaya kwenye gogo anakutupa matopeni mbele ya umati, uwe binti wa malkia au binti wa mchunga. Na kabla ya siku hiyo kuna miezi ya kuamka alfajiri, kusafisha kwato, kuangalia mguu umevimba au haujavimba, kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi. Mwaka 1971 alichukua ubingwa wa Ulaya pale Burghley akiwa juu ya farasi Doublet, na watazamaji wa BBC wakamchagua mwanamichezo bora wa mwaka. Mwaka 1975 akapata medali mbili za fedha kwenye mashindano hayohayo ya Ulaya. Mwaka 1976 akaenda Olimpiki ya Montreal na farasi aitwaye Goodwill, wa kwanza kutoka ukoo ule kushindana Olimpiki. Katikati ya mbio za maporini wakaanguka wote wawili, akapata mtikisiko wa ubongo, akapanda tena, akamaliza. Nafasi ya 24. Medali hakuna. Hiyo nafasi ya 24 ndiyo naipenda kuliko ubingwa wote.

(Miaka miwili kabla yake mtu mwenye bastola alilizuia gari lake karibu na ikulu ya London na kujeruhi watu wanne, akamtaka ashuke ili amteke. Akakataa. Akakataa tu, kama mtu anayekataa kuongezewa ugali. Mpita njia mmoja aliyewahi kuwa bondia akamshushia jambazi ngumi.)

Nyie mnaotaka niseme mabaya yake, haya: amewahi kutozwa faini kwa mwendo kasi, na mwaka 2002 akatozwa tena kwa sababu mbwa wake aliuma watoto wawili. Rais wa shirika la watoto! Na ufalme wenyewe ni ufalme. Sisi tuliotawaliwa hatuhitaji kukumbushwa kwamba mama yake, Malkia Elizabeth, alikuwa Kenya siku aliporithi kiti, Februari 1952. Mtoto wa kike naye ukoo huo ulimweka kando: alizaliwa wa pili, kaka mkubwa mmoja tu juu yake, lakini wadogo zake wa kiume walipozaliwa wakarukishwa mbele kwenye foleni ya kurithi kiti, wao na baadaye watoto wao. Kwa hesabu yangu ya vidole yuko nafasi ya 18 hivi, nyuma ya mdogo wake Andrew, ambaye sasa hata kuitwa mwana mfalme amenyang'anywa. Sheria ilibadilishwa, ila kwa waliozaliwa kuanzia mwishoni mwa 2011. Kwa Anne, pole.

Halafu lipo la nguo, na hili nawaandikia kamati zote za sare. Gauni alilovaa kwenye harusi ya Charles na Diana mwaka 1981 alilivaa tena kwenye harusi ya ndugu yao mwaka 2008. Lilimtosha. Mimi nimerudia kitenge cha mwaka jana nikasemwa hadi kwenye kundi la ukoo.

Juni 2024 aliumia kichwa shambani kwake, inasemekana kwa farasi, akalazwa siku tano. Ana miaka 73 wakati huo. Mwezi uliofuata akarudi kazini, na kazi yake ya kwanza ikawa kwenda Hartpury kwenye mashindano ya chama cha waendesha farasi wenye ulemavu, alichokuwa nacho tangu 1971. Jicho bado lina michubuko. Alikwenda kuwaona wakishindana.

Hapo nilifunga simu, nikalala.

Kikao cha kamati ni Jumapili baada ya ibada. Ajenda namba tatu: kupata mlezi mpya. Wenzangu wameshaleta majina, mheshimiwa huyu, mfanyabiashara yule. Mimi nitamtaja fundi baiskeli wa pale kona, anayeziba pancha za viti mwendo kila mwezi na kutuandikia deni kwenye daftari ambalo sijawahi kumwona akilifungua. Watanicheka. Mama mdogo, ambaye ni mweka hazina, ataanza.