Ni Broly yupi tunayembishania?

Mwandishi ninayemjibu anadai kwamba katika Dragon Ball, hadithi ya katuni ya Kijapani, mpiganaji Broly ana nguvu kumzidi shujaa wake, Goku, lakini hasemi ni Broly yupi, na hapo ndipo ubishi wetu katika kibanda umiza hapa Kirumba hukwama kila tunaposubiri mechi ianze. Yule wa filamu ya 1993 hayumo katika manga (vibonzo vya asili) ya mtunzi Akira Toriyama, iliyochapishwa kuanzia 1984 hadi 1995. Ninayemhesabu mimi ni wa filamu ya 2018, ambayo Toriyama mwenyewe aliiandika, na huyo aliwalemea Goku na mpiganaji mwenzake Vegeta hadi wakalazimika kuungana na kuwa mpiganaji mmoja, Gogeta. Wenzangu wanaoleta ushahidi wa Dragon Ball GT (mfululizo wa katuni za televisheni), nao ni wengi, wanisamehe: hadithi hiyo haikutokana na manga.